Wino wa fedha au wa shaba kwenye saketi za kuprinti: kuna mshindani wa tatu hamumtaji

Ubishi wa wino upi utumike kuprinti saketi, wa fedha (metali, si hela) au wa shaba, hauishi, na ukiusikiliza kila upande una hoja moja tu unairudia rudia. Wa fedha wanasema wetu unafanya kazi, mjadala umefungwa. Wa shaba wanasema sawa unafanya kazi ila mtafilisika. Kiukweli wote wana haki nusu nusu, tatizo wanabishana kana kwamba wako wawili tu uwanjani.

Tuweke sawa kwanza tunaongelea nini. Huu wino ni chembe za metali zenye upana wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), zinaelea kwenye kimiminika na kila chembe imevalishwa utando wa kemikali ili zisigandane zikiwa bado kwenye chupa. Unaprinti mstari juu ya plastiki, unakauka, unaweka maltimita, kile kifaa cha kupima umeme, umeme haupiti hata kidogo, manake ule utando unazuia umeme usiruke toka chembe moja kwenda nyingine. Inabidi uuoke. Fedha ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi lakini chembe ndogo namna hii zinaanza kushikana kwenye nyuzi 150 mpaka 200, nyingine chini ya hapo, sababu sehemu kubwa kuliko kawaida ya atomu zake iko usoni na hazina majirani wa kutosha, zikipata joto kidogo tu zinaanza kusogea. Wengi wanadhani zinayeyuka, hapana, zinaota shingo pale zinapogusana na shingo inanenepa taratibu. Unaliona kwa macho kabisa, mstari uliokuwa kahawia iliyokolea unaanza kung'aa na maltimita inashuka mpaka omu chache (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani mstari unavyozuia umeme).

Na hapo ndo fedha inapomwacha mwenzake mbali. Oksidi yake, yaani fedha iliyoshikana na oksijeni, ni dhaifu, ukiipasha joto inaachia oksijeni inarudi kuwa fedha, kwa hiyo oveni ya kawaida na hewa ya kawaida vinatosha. Shaba ni kinyume. Kwa kupitisha umeme wanakaribiana sana, ukinzani wa fedha ni mikroomu-sentimita 1.59 na wa shaba 1.68, tofauti ya asilimia 6 hivi, wakati bei ya fedha kwa kilo inaizidi ya shaba kwa makumi ya mara, vipindi vingine zaidi ya mara mia. Kwenye karatasi shaba imeshashinda. Ila ukiivunja vunja kuwa chembe za nano umeipa uso mkubwa wa kuliwa na oksijeni, na ukiioka hewani unaiharakishia tu kuharibika, unabaki na mstari mweusi usiopitisha kitu cha maana.

Dawa zipo. Unaweza kuoka kwenye nitrojeni yenye haidrojeni kidogo au kwenye mvuke wa asidi ya fomiki, unaweza kuzivalisha chembe za shaba koti jembamba la fedha, unaweza pia kuachana na chembe ukatumia chumvi ya shaba inayovunjika yenyewe kuwa shaba ikipata joto. Ninayoipenda mimi ni ya taa ya zenoni, inapiga mwanga mkali kwa milisekunde moja au pungufu, chembe ni nyeusi zinaunyonya zinashikana kabla plastiki ya chini haijapata muda wa kupata moto. Inapendeza kuitazama. Lakini ukipunguza nguvu mstari unabaki mbichi, ukizidisha unaruka toka kwenye plastiki vipande vipande, na mstari mwembamba na pedi pana (vile vibapa vya kuunganishia vifaa) zilizo kwenye mchoro huohuo hazitaki kipimo kimoja cha mwanga. Kwa hiyo yule anayekupigia hesabu ya bei ya wino wa shaba bila kuweka hiyo taa, hiyo gesi, na hizo saketi zinazotupwa wakati unatafuta kipimo sahihi, hajakupigia hesabu bado.

Upande wa fedha nao wanafichaficha mambo. Ukiweka mistari miwili karibu, ikapata unyevu na voltu, ayoni za fedha, yaani atomu zenye chaji, zinahama toka upande mmoja kwenda mwingine zinaota kama matawi mpaka zinagusana, saketi inashoti. Salfa ya hewani inaufanya mweusi. Kulehemu ndo usijaribu kizembe, bati lililoyeyuka linaila fedha na mstari unapotea chini ya ncha ya pasi, ndo maana wengi wanaunganisha kwa gundi inayopitisha umeme. Halafu paneli za sola nazo zinanyonya fedha kwa wingi, usitegemee itashuka bei kwa ajili yako.

Sasa huyo wa tatu, njia ya zamani ya karatasi ya shaba inayoliwa na kemikali. Chukua mstari wa sentimita 10, upana milimita 1, unene mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ambao ndo unene wa kawaida tu kwa wino wa namna hii. Kama ungekuwa fedha safi isiyo na matundu ungepata omu 1.6, lakini wino uliookwa una matundu, kuwa na ukinzani mara 5 ya fedha safi ni jambo la kawaida, kwa hiyo unacheza kwenye omu 8. Mstari huohuo kwa hiyo njia ya zamani, karatasi ya shaba ya mikroni 35 iliyogandishwa juu ya plastiki halafu isiyotakiwa ikaliwa na kemikali, unatoa omu 0.05. Pitisha ampea moja, wa kwanza unachoma wati 8 na pengine plastiki yako nayo, wa pili hata hujui kama kuna kitu kimepita. Wala si fedha wala si shaba ya kuprinti inayofunika pengo hilo kwa kubadilisha metali, shida ni unene na matundu. Ndo maana antena nyingi za lebo za RFID (zile zinazosomwa kwa mawimbi ya redio) hazikuishia kwenye wino, ziliishia kwenye alumini iliyoliwa na kemikali.

Watetezi wa kuprinti watasema njia ya zamani inatupa shaba nyingi na inatumia kemikali kali, na ni kweli, ila shaba iliyoyeyukia kwenye hizo kemikali inarudishwa, wakati chembe za fedha zikiingia kwenye maji ni sumu kwa viumbe wa humo. Wasijifanye wasafi sana.

Hata kwenye kukunja, ambako ndo wanajisifia, plastiki ya mikroni 125 ukiikunja kwa nusu kipenyo cha milimita 5 uso wa nje unavutika kama asilimia 1.25, mstari ulio juu yake unaanza kupata nyufa baada ya kurudia rudia. Teremsha plastiki hadi mikroni 25 mvutiko unashuka hadi asilimia 0.25. Yaani hapo umeokolewa na plastiki nyembamba, wino hauhusiki sana.

Basi mimi nikipewa kazi leo, elektrodi (ncha za kupitishia umeme) za sensa, mistari mifupi ya mkondo mdogo, mchoro unaobadilika kila wiki, naprinti kwa fedha bila kufikiria bei, sababu inayotumika ni miligramu. Antena ndefu au kitu cha kubeba ampea, siprinti kabisa. Shaba ya nano naiweka kwa mwenye kiwanda cha mchoro mmoja anaourudia mamilioni, ambaye atakaa na ile taa mpaka aielewe, wengine wasubiri wino wa shaba unaookeka hewani chini ya nyuzi 150 bila kugeuka mweusi.