Tangazo si lako, lakini ukurasa ni wako

Wenye blogu na tovuti za Kiswahili tukikutana, swali la kwanza kuhusu matangazo ni moja: yanalipa kiasi gani? Sheria huja baadaye, na kwa wengi huja siku ombi la AdSense, huduma ya matangazo ya Google, linapokataliwa, mtu akaambiwa tovuti yake haina sera ya faragha, yaani maelezo ya jinsi taarifa za wasomaji zinavyotumika. Anatafuta sera ya mwenzake, anainakili, anaibandika chini ya ukurasa, anaendelea na shughuli zake. Kwa maoni yangu hilo halitoshi hata kidogo. Mwenye tovuti anawajibika kwa yanayompata msomaji anapofungua ukurasa wake, hata kama tangazo hakulitengeneza na hajui leo litakuwa la nani.

Tuangalie kinachotokea. Tangazo la AdSense halikai kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako. Ulichobandika ni msimbo tu, yaani mistari michache ya maagizo ya kompyuta, na ukurasa ukifunguka, msimbo huo unaiagiza simu ya msomaji ikalichukue tangazo kwingine. Simu inafika huko ikiwa imebeba anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni), aina yake, anwani ya ukurasa unaosomwa, na mara nyingi kidakuzi, faili dogo la kumbukumbu linaloonyesha kwamba mtu huyu ndiye yule aliyepita tovuti nyingine jana. Kisha unafanyika mnada usiomaliza hata sekunde moja. Kampuni kadhaa zinashindania nafasi ya kuweka tangazo lao, na hata zinazoshindwa zimeshaona taarifa zilizoletwa mnadani. Sasa chukulia kwamba ukurasa wenyewe unahusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au mimba iliyoharibika. Anwani ya ukurasa peke yake imeshatoa siri ambayo pengine msomaji hajamwambia hata dada yake.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema sheria za kulinda taarifa binafsi ni za Wazungu. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili. Inataka mhusika ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani na zitapokelewa na nani. Inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na inampa mhusika haki ya kuzuia zisitumike kwa matangazo ya kibiashara. Wakenya walitangulia kwa sheria yao ya 2019, ambayo kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mhusika amejulishwa. Faini ya kiutawala kwa wenzetu inaweza kufika shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo.

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: “Mimi sikusanyi kitu, wanaokusanya ni Google.” Hoja hiyo imeshafikishwa mahakamani, ikashindwa. Duka moja la nguo la mtandaoni nchini Ujerumani, Fashion ID, liliweka kwenye tovuti yake kitufe cha Facebook cha kupenda. Kila aliyefungua ukurasa, taarifa zake zilikwenda Facebook, hata kama hakukigusa kitufe na hata kama hakuwa na akaunti huko. Tarehe 29 Julai 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba duka linawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kupeleka taarifa hizo, ingawa haliwajibiki kwa yale ambayo Facebook inayafanya baadaye ikiwa peke yake. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi. Lakini mantiki yake sioni pa kuipinga: bila wewe kubandika ule msimbo, taarifa za msomaji zisingekwenda popote.

Na Ulaya inatugusa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa Waswahili wako Berlin, London na kwingineko, na wanatusoma. Tangu tarehe 16 Januari 2024, Google inamtaka mwenye tovuti anayeonyesha matangazo yake kwa wasomaji wa Umoja wa Ulaya na Uingereza atumie mfumo wa kuomba ridhaa ulioidhinishwa na Google yenyewe. Huo ni mkataba uliokubali mwenyewe siku ulipofungua akaunti. Kuchagua matangazo yasiyofuata tabia za msomaji hakukuondoi kwenye sharti hilo, maana hata hayo hutumia vidakuzi kuhesabu tangazo limeonekana mara ngapi na kuzuia udanganyifu.

Kile kibandiko cha “Tunatumia vidakuzi” chenye kitufe kimoja tu cha “Sawa” si ridhaa. Mahakama hiyohiyo ya Ulaya ilisema tarehe 1 Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotikiwa tayari hakihesabiki kuwa kukubali. Januari 2022, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa kubofya mara moja, ilhali kukataa kulihitaji kuzunguka.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Niliwahi kufungua blogu moja ya mapishi ya Kiswahili, nzuri kweli, nikasoma sera yake ya faragha. Yote ilikuwa Kiingereza. Ilieleza haki za wakazi wa California, na pale palipotakiwa jina la mwenye tovuti, mabano ya kiolezo yalikuwa bado matupu. Mama anayetafuta jinsi ya kupika mbaazi za nazi ameridhia nini hapo? Sheria yetu yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili. Ninayemwandikia mapishi kwa Kiswahili anastahili kuelezwa kwa Kiswahili nani anamfuatilia, kwa nini, na abonyeze wapi kukataa. Aya tano fupi zinatosha.

Wenye tovuti za watoto na wanafunzi wajihadhari zaidi, kwa kuwa ridhaa ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Nao waingie kwenye mipangilio ya akaunti wazuie matangazo ya kamari. Ni kazi ya dakika chache, na nashangaa wangapi hawajaifanya.

Najua kipato cha wengi wetu hakimudu wakili. Kwa hiyo naiomba Tume itoe kielelezo cha sera ya faragha na cha ombi la ridhaa kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya tovuti ndogo zenye matangazo ya watu wengine, pamoja na maelezo ya wazi ya nani anatakiwa kujisajili. Wakati tukisubiri, njia nyingine ipo: mfuate mwenye duka la vitenge Kariakoo, muuzie nafasi, weka picha yake kwenye seva yako mwenyewe na uandike juu yake “Tangazo”. Picha hiyo haipeleki taarifa za msomaji kwa mtu yeyote, na malipo unapokea moja kwa moja kwenye simu.