Rangi ya Nywele za Baba Mkwe

Tovuti yangu inahusu nyuki. Nyuki tu: mizinga, nta, na malkia anavyohama na kundi lake. Pembeni ya makala nimeuachia nafasi mtandao wa matangazo, nao unanihesabia senti kadhaa msomaji akibofya. Hawalipi mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo mimi ni tajiri wa kwenye skrini.

Mke wangu alimsimulia baba yake kwamba nina biashara mtandaoni. Walipotutembelea, mzee akavaa miwani, akafungua tovuti kwenye simu yake. Nikasubiri pongezi.

"Mkwe, hii nini?"

Juu ya makala: rangi ya kuficha mvi. Pembeni: rangi ya kuficha mvi. Chini, mwanamume anatabasamu, nusu ya ndevu nyeupe, nusu nyeusi tititi. Na baba mkwe, ieleweke, nywele zake ni nyeusi; ukoo mzima huapa kwamba kwao mvi hazioti.

"Umenikusudia mimi?"

Jibu lilikuwa jepesi. Matangazo hayo siyachagui mimi. Ukichungulia bidhaa kwenye duka la mtandaoni, kidakuzi, yaani kijifaili cha kumbukumbu, kinabaki kwenye simu yako, na tangazo linakuandama kila uendako. Lakini kulisema hilo mbele ya mama mkwe ni kumvua mzee nguo. Nikaamua kuanzia mbali.

"Baba, mwaka 1994 tovuti ya HotWired iliweka mabango ya matangazo. Enzi hizo wasomaji wote waliona bango lile lile. Siku hizi ukurasa ukifunguka unafanyika mnada wa nafasi ya tangazo, chini ya sekunde moja, na tangazo linamwandama..."

"Mbona kwangu hakuna rangi?" mama mkwe akauliza. Kumbe naye kafungua yake: mizinga na mavazi ya warina asali. Akaangalia simu hii, akaangalia ile, kisha akaangalia nywele. "Endelea, mwanangu. Linamwandama nani?"

Mzee akaanza kubofya matangazo kwa hasira, akidhani anayafuta. Kila akibofya, duka linafunguka kwa herufi kubwa: KARIBU TENA! CHUPA 3 ZINAKUSUBIRI KIKAPUNI.

Jioni ile mapato yangu yalipanda kuliko ya mwezi mzima. Furaha haikudumu: mtandao uliyakata yote, eti mibofyo batili, yote imetoka kwenye simu moja.

Chupa nazo zilifika. Inaelekea katika kubofya kule mzee alikamilisha oda. Aliyesaini kuzipokea ni mama mkwe.