Mlinzi wa majalada ya uhamiaji hamwangalii msafiri

Kila akili mnemba inapotajwa pamoja na uhamiaji, wengi wetu huku Mtwara huwaza kamera ya kuwachuja Wamakonde wa ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Hofu hiyo ina msingi, lakini inachanganya kazi mbili. Ipo mashine inayompima msafiri, na ipo inayolinda jalada lake, ambayo haimwangalii yeye bali anayelifungua.

Nywila ikiibwa hubadilishwa. Kidole gumba kilichowekwa kwenye kioo cha mpakani hakibadilishwi. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kuwa alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa kwenye ofisi inayosimamia watumishi wa serikali yake, na wezi walikuwa wametumia akaunti halali ya mkandarasi. Mfumo uliona nywila sahihi, ukafungua. Akili mnemba hujifunza mazoea: akaunti hii hufungua majalada mangapi kwa zamu, saa ngapi, kutoka kituo gani. Ikianza kunakili maelfu usiku wa manane, kengele hulia.

Hapo ndipo siku ambazo mwizi hukaa ndani bila kugundulika hupungua, na siku hizo ndizo zinazonisumbua. Wadukuzi waliingia kwenye seva za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu Novemba 2021, wakagundulika Januari 2022, siku 70 baadaye. Humo mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopoteana na ndugu zao kwa vita na uhamaji, kama walivyopoteana waliokimbia mashambulizi ya mji wa Palma, Msumbiji, mwaka 2021. Kwa mtu anayejificha asiuawe, wiki kumi zinatosha kabisa kumtafuta na kumpata.

Wanaopinga wana hoja moja nzito. Mashine iliyozoeshwa uwanja wa ndege wa mbali itamdhania mwizi afisa wa mpakani anayeandikisha wakimbizi usiku kucha, imfungie mfumo, na akina mama wenye watoto mgongoni wabaki foleni. Nakubali. Basi ifunzwe kwa kumbukumbu za vituo vyetu, na izuie kunakili kwa wingi, si kuandikisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, tayari inampa mhusika haki pale uamuzi unaomgusa unapoachiwa mashine peke yake. Afisa naye astahili hivyo: kengele ikilia, mtu wa zamu ampigie simu kabla ya kumfungia akaunti.