Kila Anayetaja Kiwanja Ana Kiwanja Chake

Jamani, mpira naupenda. Nimeucheza pekupeku toka ule wa makaratasi na kamba za katani, na kucha ya dole gumba la kulia hadi leo haijarudi ilivyokuwa. Ugomvi wangu ni na hawa wanaume wa kijiwe cha kahawa, hapa mtaani kwetu Temeke, ambao wiki ya tatu sasa wanawajengea Simba na Yanga uwanja. Tofali hawana, mchanga hawana, hata koleo ukiwaomba watakuelekeza kwa jirani. Lakini wanajenga! Ikifika magharibi jukwaa kuu limeshapauliwa, wanabishania rangi ya viti.

Ubao wa drafti wameugeuza ramani ya Dar es Salaam. Pembe moja Chamazi, pembe ya pili Bunju, na pale ubao ulipopasuka ndiyo bonde la Msimbazi. Visoda vya Coca-Cola ni Simba, vya Sprite ni Yanga. Kuna kimoja cha Pepsi kimewekwa Chamazi, hao ndio Azam, na hicho hakiguswi na mtu. Chenyewe kilishajenga kwake, watu elfu kumi hivi wanakaa, kimetulia kinawatazama wenzake kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Kodi ndiyo inayoniuma. Yanga ya 1935, Simba ya 1936. Wazee wa miaka kama tisini hao! Wana wajukuu, wana vitukuu, wana makombe hadi kabati zimejaa, lakini derby, mechi yao wenyewe kwa wenyewe, ikifika wote wawili wanabeba mabegi wanakwenda kwa Mkapa, uwanja wa serikali wa watu elfu 60 uliofunguliwa 2007. Wapangaji, kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikichelewesha kodi hakuna anayenipulizia vuvuzela.

Fundi cherehani, Yanga wa kulia machozi, ndiye hufungua mjadala. "Jangwani," anasema, anakibamiza kisoda cha Sprite juu ya ule ufa. "Klabu iko pale, uwanja wa Kaunda ulikuwa pale. Mtu hujenga kwao."

"Na kuogelea mnajua?" akauliza kijana wa bodaboda.

Swali lilikuwa na maana, tusimwonee. Huu mji una mambo. Tuna sehemu tumeipa jina Jangwani, na taabu yake kubwa ni maji! Mto Msimbazi ukikasirika huko juu unateremka na magodoro, matairi na milango ya watu, unakuja kuvitua pale. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu, serikali ikawahamishia Mabwepande. Baadaye mabasi ya mwendokasi nayo yakawekewa karakana palepale, yakawa yanaogeshwa bila kupelekwa kuoshwa. Sasa bonde zima limeingia kwenye mradi, nyumba zimelipwa fidia zikabomolewa, mto unatafutiwa adabu. Fundi anasema huu ndio wakati wenyewe: mwaga kifusi, simamisha nguzo, mpira uchezwe.

"Yanga hamkuitwa vyura kwa bahati mbaya," bodaboda akamjibu. "Mvua kwenu ni sikukuu."

Fundi akainuka kwa hasira. Bahati yake mbaya, ile futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, na ncha ya pili ilikuwa imekaliwa na mzee wetu mstaafu wa reli. Akainuka nusu, futi ikamrudisha kwenye benchi kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kahawa ikamwagikia Mbagala.

Bodaboda yeye ni Simba, kisoda chake kiko Bunju. Simba wana kiwanja cha mazoezi kule toka 2019, nafasi ipo, upepo upo. Sawa. Lakini mimi mtu wa Temeke niende Bunju kutazama mechi ya usiku? Unapanda daladala, unauvuka mji wote, Mwenge hiyo, Tegeta hiyo, Boko hiyo, unasinzia, unaamka, konda bado anaita Bunju. Ukifika wenzako wanatoka. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mechi ikiisha saa nne usiku, boda toka Bunju hadi hapa ni shilingi ngapi?" Akatazama pembeni, akaanza kufuta kioo cha pikipiki kwa fulana aliyoivaa.

Mzee wa reli, shikamoo yake, yeye anataka Pugu. Anaongea taratibu, kikombe kimetulia kwenye kiganja. "Treni ya umeme inapita pale. Toka 2024 watu wanakwenda nayo Dodoma. Nyie mtashindwaje kwenda nayo mpirani?" Hoja nzito! Nikashika kisoda nimuunge mkono, ndipo muuza kahawa akaninong'oneza kwamba mzee ana kiwanja Pugu, ishirini kwa ishirini na tano, dalali keshachoka kupeleka watu kukiona.

Nikarudisha kisoda. Nikaanza kupeleleza. Fundi wa Jangwani, kumbe dada yake ana gesti Magomeni, kutupa jiwe tu toka bondeni. Bodaboda mmeshamsikia. Muuza kahawa, anayejifanya refa, hoja yake ni kwamba uwanja ujengwe "popote palipo na ubaridi kidogo". Nikaelewa kwa nini lugha yetu imetumia neno moja kwa pa kuchezea na pa kujengea. Anayetaja kiwanja ana kiwanja chake. Arusha nako wamepewa uwanja wa watu elfu 30 pale Olmoti kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, na sina shaka bei za viwanja vya jirani zilipanda kabla ya nguzo.

Ikaja zamu yangu. Nikawaambia pelekeni kokote. Pelekeni Mafia, mashabiki waende kwa jahazi. Ila Temeke basi, tumetosheka.

Wakanyamaza, maana pale kijiweni mtaalamu ni mimi. Wao uwanja wanauona kwenye televisheni, mimi nalala nao. Chumba changu na sebule viko mtaa wa nyuma, na goli likifungwa nalijua kabla ya mtangazaji, kwa sababu vikombe vinacheza kabatini. Ukutani kwetu mwenye nyumba ameandika kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Siku ya mechi watu wanalisoma tangazo lote, herufi kwa herufi, si wamesimama, muda wanao.

Ngoja niwape ya derby moja. Mimi nauza ndoo na mabeseni Kariakoo, kwenye duka la watu. Nimetoka kazini, daladala haijafika kituo changu, konda anatuambia mwisho wa gari, mbele hakuendeki. Nikashuka na kilo mbili za sukari na mfuko wa mkaa. Natembea, umati wote unakwenda ninakokwenda, mtu mwenye uso uliopakwa nyekundu na nyeupe ananikumbatia, "Twende, Mnyama!" Mfuko wa mkaa ukamchafua jezi, akabadilika, ikabidi niombe radhi kwa kosa la kukumbatiwa. Na wakati wote huo, nisameheni, nilikuwa nimebanwa. Tangu Kariakoo.

Nafika uani, nakuta foleni mlangoni kwa choo. Choo chetu! Watu saba, jezi za kijani na za nyekundu zimepangana kwa amani ambayo sijawahi kuiona kwingine. Mbele amekaa mjukuu wa mwenye nyumba, miaka kumi, na kopo la rangi lenye sarafu.

"Mjomba, mia tano."

"Wewe, mimi si wa chumba namba mbili?"

"Babu kasema siku ya mechi ni wote."

Nikapaza sauti kuelekea dirisha la mwenye nyumba. "Shikamoo mzee! Hivi na mimi nalipia choo?"

"Marahaba. Mpangaji ana punguzo," dirisha likajibu. "Mwambie akupe kwa mia nne."

Nikatoa mia tano. Mtoto hakuwa na chenji, akaniambia ile mia nitaikuta mechi ya marudiano.

Kijiwe kizima kiliinama kwa kicheko, mzee wa reli akafuta machozi, na kwa sauti moja wakakubali kwamba Temeke isijengewe hata uwanja wa bao. Nikarudi nyumbani nimeshinda, natembea kifua mbele.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Unataka mechi zihamie Bunju?"

"Si bora tupumue?"

"Sare za shule za mwanao darasa la tano, nani kanunua?"

"Mimi si nilikupa..."

"Ulinipa elfu nane. Zilizobaki zimetoka kwa Mkapa. Friji hilo kwa Mkapa. Hilo godoro unaloliita lako, kwa Mkapa."

Nikakumbuka kwamba mke wangu siku ya mechi hupaki pikipiki uani kwetu, moja elfu moja, na siku ya derby zinabanana hadi mlango wetu unafunguka nusu. Juu ya hapo anauza juisi ya ukwaju. Mimi huwa naona watu wengi tu, sikuwahi kukaa nikazihesabu.

Biashara imewahi kumgeuka mara moja, Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025. Ilikuwa Ramadhani, mechi ya usiku, akapiga hesabu kwamba maelfu watafuturu nje ya uwanja. Akaloweka ukwaju, akajaza ndoo tatu za lita ishirini nilizomletea kutoka dukani (zilikatwa kwenye mshahara wangu, hilo tuliache). Sukari kilo nyingi, tangawizi, barafu. Siku ileile ikatangazwa mechi imeahirishwa. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Lakini ukwaju haungoji Juni!

Tukafuturu ukwaju. Tukala daku kwa ukwaju. Tukagawa kwa wapangaji wote, vyumba vyote sita, kwa roho safi. Wanaoujua ukwaju wameshanielewa. Alfajiri ya Jumatatu foleni ya chooni ilizidi ya derby, baba mzima wa chumba namba tano anatembea kwa hatua za kuhesabu, kashika ukuta. Na yule mtoto palepale, kopo mkononi, macho ya usingizi.

"Mechi si iliahirishwa?" nikamwuliza, nimejikunja.

"Babu kasema hata hii ni mechi."

Sasa mke wangu aliponikumbusha hayo yote, nikadhani anayatoa kama hasara. Hapana. Akasema hata mwaka huo, na ndoo tatu zikiwa zimeishia matumboni mwetu, alifunga Desemba na akiba. Kisha akarudi kwenye mchele wake na kusema bila kunitazama, "Mwanaume anayeihamisha riziki ya mkewe kwa visoda, na yeye ahame nayo."

Kesho yake nilifika kijiweni mapema. Nikaukusanya ubao wote, Jangwani, Bunju, Pugu, nikavirundika visoda vyote Temeke. Kile cha Pepsi tu nilikiacha, cha watu.

"Jiji halihitaji uwanja mpya," nikawaambia. "Wenyewe upo, watu elfu sitini, unawatosha wote. Waongeze vyoo tu."

Fundi akanitazama juu ya miwani. Safari hii futi ameizungushia mkononi. "Jana si ulisema Mafia?"

"Jana nilikuwa sijalala vizuri."

Mzee wa reli akasogeza kikombe. "Kijana wangu, wewe Temeke una kiwanja?"

"Sina, mzee wangu. Nina ua."

Walikuwa bado wanacheka nilipomwona yule mjukuu anakuja mbio, kopo linagongagonga. Akasimama mbele yangu, akanipa sarafu ya mia, ile chenji yangu. Nikafurahi, nikamsifu mbele ya watu, nikamwambia huyu ndiye mtoto.

"Na babu kasema," akaongeza, akihema, "Jumamosi kuna mechi. Punguzo limefutwa, na kila pikipiki inayopakiwa uani, nusu yake."