Mnataka Sparta, Mmesahau Kumbi

Dada yangu alinipigia simu akiwa bado uwanjani kwenye mahafali, tarumbeta linasikika nyuma yake, wala hakunisalimia. "Kaka, nimepata dawa ya mwanao." Mwanangu huyo ni mwanawe wa pili, na kesi zake zote zinaishia kwa mjomba kama kawaida yetu. Nikauliza dawa gani. Akasema, "Bweni la nidhamu ya kijeshi. Wanalelewa kama Wasparta."

Nikadhani sijasikia vizuri. Kumbe mgeni rasmi, mtu mwenye suti ya bluu na gari lenye kiyoyozi, alikuwa amewasimulia akina mama wa Chikongola, hapa Mtwara, waliokaa juani na sare zao za kitenge jinsi Sparta, ile dola ya kale ya Wagiriki, ilivyomchukua mtoto wa kiume akiwa na miaka saba, ikamlaza juu ya matete, ikampa nguo moja ya mwaka mzima na kumlisha kidogo makusudi ili ajifunze kuiba asionekane. "Ndiyo maana mwaka 480 K.K. watu 300 walisimama mbele ya jeshi lote la Uajemi!" Vigelegele. Kisha akaongeza morani wa Kimasai ili tusione ni mambo ya Wazungu tu, akafunga na ile ya samaki mkunje. Pale getini ilikuwepo meza, na juu ya meza fomu za hilo bweni. Elfu ishirini fomu moja. Dada kanunua.

Kosa la mtoto nalieleza, msije mkasema namficha. Yuko kidato cha kwanza, ana miaka kumi na minne, anatoroka shule kwenda Feri kuparua samaki, anarudi na elfu tatu na harufu. Nywele kakata zile za kisasa ambazo hata jina lake silijui. Alichapwa shuleni fimbo kumi na moja, alizihesabu mwenyewe. Kanuni ya mwaka 2002 inasema zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na ziandikwe kwenye daftari. Niliuliza kuhusu hilo daftari. Nikaambiwa nisubiri kwenye benchi, nikasubiri mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Jumatatu yake mtoto alikuwa Feri.

Sasa turudi kwa mgeni rasmi, maana hadithi yake aliikata katikati. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho, na swali la kwanza linalonijia nikisikia taifa zima la wanaume wanacheza na mikuki tangu asubuhi ni moja tu: shamba alikuwa analima nani? Walilima watumwa walioitwa Heloti, ambao kwa idadi waliwazidi mabwana zao mbali sana. Kila mwaka viongozi wa Sparta walitangaza vita rasmi dhidi ya hao hao waliokuwa wanawalisha, ili kuwaua kusihesabike dhambi. Hiyo ndiyo nidhamu aliyopigiwa makofi. Wale vijana walikomazwa hivyo kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imejengwa juu ya shingo za watu, na lazima awepo wa kuzikanyaga usiku na mchana.

Na iliishaje? Mwaka 371 K.K. walipigana na Wathebe, Wagiriki wenzao, pale Leuktra. Kati ya Wasparta wenyewe 700 waliokuwa uwanjani, 400 walikufa siku hiyo, na pengo halikuzibika kwa sababu hapakuwa na wa kulizibia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne hiyo hiyo, aliandika kwamba nchi yao ingeweza kulisha wapanda farasi 1,500 na askari wa miguu 30,000, lakini wananchi wenyewe hawakufika hata 1,000. Unakomaza, unakomaza, ukigeuka hakuna mtu.

Ila lililoniuma zaidi ni hili. Kulikuwa na madhabahu ya mungu wao Artemi ambapo vijana walichapwa mijeledi mpaka damu itoke, wakishindana nani hatalia. Sparta ikafa kama dola, Warumi wakaja wakatawala, lakini kuchapa kukabaki. Wageni walikuwa wanasafiri kwenda kutazama, mpaka ikabidi kujengwa jukwaa la viti kuizunguka madhabahu, watu wakae vizuri. Vita hakuna, jeshi hakuna, mtoto bado anachapwa na watazamaji wamekaa. Nilipofika hapo nikakumbuka ile klipu iliyozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp mwezi uliopita, baba fulani anamchapa binti yake uani kwa waya, na chini yake watu wazima ninaowaheshimu wameweka vikatuni vya kucheka machozi. "Malezi ya zamani hayo." Zamani ipi, jamani?

Zamani yangu mimi ni hii. Niliingia kumbini, yaani kambi ya jando, nikiwa na miaka tisa, kijiji kimoja upande wa Newala, mwezi Juni. Ya kumbini hayasemwi, na sitayasema. Wazee wangu siku hizi wana simu kubwa kuliko yangu. Nitasema yasiyo siri. Tulikula ugali wa muhogo bila chumvi. Tuliamshwa alfajiri na baridi ya Newala inayong'ata masikio, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na aliyekosea wimbo alikiona. Kulikuwa na ukali, sibishi.

Lakini kila mwari alikuwa na mtu wake. Wangu alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mtu mwenye mke, mikorosho na madeni, na muda wote ule hakulala kwake. Alilala chini pembeni yangu. Nikigeuka usiku namwona yuko macho anachochea moto. Alikula ule ule ugali usio na chumvi ingawa hakuna aliyemkataza chumvi. Asubuhi moja nilishindwa kukojoa kwa sababu ya kidonda, nikawa nimesimama tu natetemeka. Akaja akanishika bega, hakunifokea, akaanza kunitajia mikorosho ya babu mmoja mmoja: ule wa njiani, ule uliopigwa na radi, ule wenye mzinga wa nyuki, ule aliouweka rehani kwa yule bwana wa Kitangari. Alipofika kwenye wa kumi na kitu nikajikuta nimeshakojoa.

Na siku ya kutoka, kumbi likachomwa moto. Tukaambiwa kimbieni, msigeuke. Nasikia nyasi zinalia nyuma yangu, joto linanipiga kisogoni, nakimbia. Tukaogeshwa, tukavishwa nguo mpya, tukapewa majina mapya, na lile la utotoni likawa haliitwi tena. Mateso yale yalikuwa na siku ya mwisho, na siku hiyo kijiji kizima kiliijua kwa sababu pombe ilikuwa imeshapikwa.

Haya ndiyo hawa wasemaji wa mahafali wanayaruka. Wanachukua fimbo ya kumbini, wanamwacha mjomba aliyelala chini. Wanachukua baridi na njaa, wanauacha moto wa siku ya mwisho. Wakimaliza wanakuletea ankara ya muhula. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, Mwingereza mtupu, aliitazama jando miaka mia iliyopita akaona kitu cha kubaki nacho, akaiingiza kwenye kanisa lake badala ya kuipiga marufuku. Sisi wenye jando tumeiona fimbo tu.

Hata huyo morani wamemkata nusu. Wafugaji walipotolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na kuletwa Lindi, tulianza kuishi nao kwa karibu, na Mmasai anayelinda duka la jirani yangu tunakunywa naye chai karibu kila jioni. Nikamuuliza ukali wa umorani. Akacheka. Akaniambia morani hanywi maziwa peke yake. Kama mwenzake wa rika hayupo, anakaa na kiu yake. Akaniambia wana wazee wao maalumu, wa rika la juu, wanaowajibika kwa ajili yao, morani akiharibu wanaulizwa hao. Na umorani nao unafika mwisho: kwenye eunoto, sherehe yao ya kuhitimu, mama anamnyoa mwanawe zile nywele ndefu alizozitunza miaka yote. "Hiyo siku," akasema, akaishia hapo, akaangalia pembeni akamwaga masalia ya chai. Tukanyamaza kidogo.

Hata Jeshi la Kujenga Taifa, JKT ya mujibu wa sheria, iliyorudishwa mwaka 2013, kijana wa kidato cha sita anaijua tarehe ya kurudi nyumbani. Mtoto anayechapwa kila siku ya Mungu, na baba asiyejua hata yuko darasa la ngapi, yeye tarehe yake ni ipi?

Halafu naomba tuambiane ukweli: wengi wetu huku hata hiyo asili ya kivita hatuna. Magwangwara walipoivamia Masasi mwaka 1882 (Wangoni mnisamehe, yameshapita) wazee wetu hawakusimama 300 mlangoni. Walipanda zao juu Makonde, kwenye vichaka visivyopenyeka na pasipo na tone la maji, wakawa wanateremka bondeni kuteka maji na kupanda tena. Sisi ni wajukuu wa watu waliokimbia vizuri. Na waliokuja kusimama kweli, wale wa Nandete walioanzisha Vita vya Maji Maji kwa kung'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905, walikuwa wakulima waliochoka kulimishwa kwa kiboko. Hamsa ishirini ile, viboko ishirini na tano. Kwa hiyo mtu akiniambia kiboko ni mila yetu, naomba aniambie kwanza ni mila ya upande gani.

Haya, na mimi nijisute kidogo. Kumbini ngariba alitumia kisu kimoja kwetu sote, na leo mtoto anatahiriwa hospitali kwa ganzi. Sitaki kurudi nyuma. Unyago wa watoto wa miaka tisa wanaofundishwa mambo ya ndoa siutetei hata kwa dawa. Wale wanaompa mtoto simu tangu asubuhi wakaita uhuru, nao sina la kuwaambia. Na dada yangu? Dada yangu anaamka saa kumi kukaanga samaki, analea watatu peke yake, na usiku mimi sipo pale mlangoni kungoja nani karudi saa ngapi. Ni rahisi kwa mjomba kuandika. Aliniambia hivyo hivyo: "Wewe andika tu."

Basi likizo hii nimemchukua. Tumekwenda shamba, tunafyeka chini ya mikorosho kabla ya msimu. Siku ya kwanza hakuongea. Siku ya pili alipasua malengelenge mkononi akanionyesha kama vile ni kosa langu. Nikamwonyesha ya kwangu. Siku ya tatu, tumekaa kivulini tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, akaanza kunieleza namna ya kumparua changu bila kuharibu nyama: unaanzia mkiani, kisu umekilaza, na usimwache akakauka. Alieleza kwa dakika kumi, mikono inaenda yenyewe. Sikujua. Nimekula changu maisha yangu yote, sikujua.

Fomu ya bweni bado iko juu ya friji kwa dada, imewekewa kopo la chumvi isipeperuke. Nimemwomba aichane. Anasema haichanwi, elfu ishirini yake iko pale.