Kushika namba moja hakutoshi

Hiyo ya kwamba West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, anayeongoza kwa alama ndiye anayejichagulia tawi la jeshi ni habari ya zamani. Kuanzia wahitimu wa 2020, kila kadeti hupanga matawi yote 17 kwa mfuatano anaoutaka (askari wa miguu, vifaru, mizinga, uhandisi, mawasiliano na kadhalika), na kila tawi nalo humweka kadeti kwenye moja ya ngazi tatu. Alama hutenganisha tu walio ngazi moja, hivyo kinara wa darasa anaweza kupitwa na wa chini yake. Halafu kuna biashara ya miaka: utumishi wa lazima ni miaka 5, ukikubali kuongeza 3 unasogezwa mbele kwenye foleni ya tawi ulilolitaja. Utaratibu wa wahitimu wa 2020, kabla haujabadilishwa kwa wale wa 2021, uliharibikia hapohapo, maana aliyejitolea aliweza kubebeshwa ile 3 hata kwa nafasi ambayo angeipata bure. Kuficha nia ya kuongeza miaka kukawa ndio ujanja! Nyie mnaojaza selform (fomu ya kuchagua masomo na vyuo) hapa Tabora huku mkikiota chuo cha kijeshi cha Monduli, mngetoa miaka 3 ili kukwepa vifaru?