Springi Haina Kosa

Springi ya bajaji haina kosa lolote katika habari hii. Naanza na hilo kwa sababu pale mtaani kwetu Msamvu kesi ya springi hiyo kuniangusha na pikipiki ilishakatwa bila mimi kusikilizwa, na hakimu alikuwa mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kufungua hata nati ya baiskeli.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT125, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba. Niliipata mnadani, kiti kimechanika na kuku wametagia chini yake. Nikavua taa, nikavua madigadi ya nyuma, nikabandika namba 7 mbele, ikawa pikipiki ya mashindano. Na mashindano yetu msiyafikirie makubwa. Ni vijana wa Morogoro na vitongoji vyake, vifusi vya udongo vilivyoachwa na mkandarasi wa barabara, kamba ya katani kuzuia watazamaji, spika mbili, na mshindi anaondoka na mbuzi. Ukimtaka mbuzi sharti uruke vifusi. Ukiruka sharti utue. Na kwenye kutua ndiko shokapu yangu ya nyuma ilikokuwa imestaafu.

DT haina shokapu mbili pembeni kama Boxer. Ina moja tu, ndefu, imelala chini ya tenki na kiti. Ni ubunifu wa Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens. Yamaha wakaununua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akachukua nao ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la cc 250. Kiwandani ndani yake hutiwa oili pamoja na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Yangu gesi ilishatoroka siku nyingi, oili imevuja yote, na springi imechoka kiasi kwamba nikikaa tu, tairi linakwangua chini ya kiti. (Kama yako bado ina gesi, usiiguse kwa msumeno wala kwa moto. Ile kitu ni bomu.) Niliuliza bei ya mpya ya kuagiza. Kwa hela ile ningenunua mbuzi na zizi lao, nisihitaji kupanda pikipiki.

Basi nikaenda kwa fundi wa kukereza, mzee mmoja ana lethi nyuma ya vibanda vya chakula.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Leo umevunja nini?”

Nikamweleza. Akaipokea shokapu, akainusa. Sijui mafundi wa zamani wananusa nini kwenye chuma, lakini alinusa, akatikisa kichwa, akasema, “Hii tunaitengeneza.” Nadhani hata ningemletea figo angejibu vilevile.

Mpango ulikuwa hivi. Bomba la nje na fimbo vinabaki. Pistoni mpya inakerezwa kwa shaba, kutoka kwenye bushi kuukuu ya mashine ya kusaga, na inatobolewa matundu ya kupitishia oili. Juu ya matundu kunakaa washa jembamba linaloachia oili ipite kwa urahisi shokapu ikiingia, kisha linaziba baadhi ya matundu shokapu ikirudi. Hapo ndipo ilipo siri nzima. Springi kazi yake ni kubeba tu. Anayeizuia isikurushe juu ni oili inayojipenyeza kwenye matundu membamba, ikipokea ile nguvu na kuigeuza joto. Mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akila miwa, alilisikiliza somo hilo lote, halafu akauliza springi itatoka wapi.

“Ya bajaji,” nikasema.

“Bajaji ina magurudumu matatu.”

“Mjomba, springi haijui kuhesabu magurudumu.”

Sikuichagua kwa kubahatisha. Ugumu wa springi unafuata unene wa waya wake, na unapanda kwa kasi ya ajabu: waya ukitoka milimita 8 kwenda 10, mengine yote yakibaki sawa, ugumu unakaribia mara mbili na nusu. Nilipitia rundo zima la vyuma chakavu na kipimo mkononi mpaka nikaipata iliyofaa. Shida ilikuwa urefu. Ikabidi kukata. Hapo ndipo kijiwe kizima kilipogeuka chuo cha uhandisi. Mjomba akashikilia kwamba ukiikata inalegea, kwa kuwa umepunguza chuma. Nikamwambia ukipunguza mizunguko springi inakuwa ngumu zaidi, maana kile kilichokuwa kikigawanwa na mizunguko mingi sasa kinabebwa na michache. Dereva wa bajaji aliyekuwepo akaunga mkono upande wa mjomba, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye bajaji. Nikawataja Wabelgiji, nikamtaja Tilkens.

“Huyo Tilkens,” mjomba akasema, “alikuwa akifanyia kazi zake karibu na mama ntilie?”

Nilidhani ni utani. Kumbe mzee aliona mbele.

Ili springi ikae mahali pake lazima ibanwe kwanza. Hatukuwa na kibanio, tukatumia bolti ndefu ya uzi mzima, washa nene kila upande, na nati. Fundi akawa anazungusha spana, springi inapungua taratibu, kila mtu amenyamaza isipokuwa mjomba anayetafuna. Bado kidogo ifike. Ghafla uzi wa nati ukalika. Sikuiona springi ikiondoka. Nilichoona ni washa likizunguka mezani, na mkono wa fundi bado umeshika spana ambayo haikuwa na kitu. Kisha tukasikia bati la jirani likisema PAA, na sufuria, na baada ya sufuria sauti ya mama ntilie.

Alitoka na mwiko wa ugali mkononi. Nyuma yake wateja wawili, mmoja ameshika sahani yake juu ya kichwa kwa kinga.

“Nani kanirushia chuma kwenye maharage?”

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mjomba. Mjomba akasema, “Dada yangu, ni springi ya bajaji hiyo. Mimi nilikataa toka mwanzo.”

Mnaona jinsi jina la springi lilivyoanza kuchafuliwa? Iliyolika ni nati. Springi ilifanya kile ambacho springi nzuri hufanya ikiachiwa. Nikaikomboa kwa bati jipya la geji 30 pamoja na bei ya maharage, na mama ntilie akaisuuza kabla ya kunirudishia, ishara ya uungwana ambayo sijamsahaulia.

Awamu ya pili tulibana kwa nati mbili na kuifunga springi kwa mnyororo. Ikakaa. Ndani tukatia oili ya injini namba 40, nzito, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Lile washa jembamba la pistoni tulilikata kwenye bati la kopo la maziwa. Mlikumbuke hilo kopo.

Asubuhi ya majaribio kulikuwa na kabaridi, mwezi wa saba, mawingu yamekaa juu ya Uluguru. Nikachukua tepu ya dada yangu ya cherehani nikapima: nikikaa, nyuma ishuke kama theluthi ya safari yake yote ya kupanda na kushuka. Ikashuka sentimita 4 kati ya 12. Nikakandamiza kiti kwa nguvu na kuachia. Kikapanda mara moja, kikatulia. Hakikurudi tena. Fundi akapiga makofi. Mjomba akasema, “Mm.”

Sasa kutua kutoka juu ya kifusi ni uzito mkubwa kuliko mimi nilivyo, na mimi ni mwembamba. Nikaona nifunge gunia la pumba nyuma ya kiti, kwa mipira ya tyubu, niende nalo njia ya vumbi hadi Kihonda na kurudi. Gunia lilikuwa la kuku wa mama. Niliomba kuliazima, nikaahidi litarudi kama lilivyo.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Makorongo yanapita chini yangu nayaona kwa macho tu, mgongo hauna habari. Nilianza kumchagulia mbuzi jina. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeshakaa utosini, na nikaanza kuhisi nyuma kunacheza kidogo. Ukipita jiwe, kiti kinapanda, kinashuka, kinapanda tena kuulizia kama umemaliza. Nikasema ni njia.

Mbele palikuwa na matuta matatu yanayofuatana, yale ya kuzuia madereva karibu na shule. Sikuwa kwenye mwendo wa kutisha. Tuta la kwanza likanisukuma kwa adabu. Lakini kabla nyuma haijatulia la pili likafika, likaikuta springi ndiyo kwanza inapanda, zikasaidiana. Nikasikia mipira ya tyubu ikikatika, tii, tii. La tatu sikulipita, nililiona kwa juu.

Gunia lilinitangulia. Lilipita juu ya kichwa changu likiwa limelala ubavu, taratibu kabisa kwa jinsi nilivyoliona, nikasoma hata maandishi ya kampuni ya unga yaliyokuwa yamechapwa kinyumenyume ndani ya nailoni. Likatua, likapasuka. Mimi nikatua juu yake kwa kifua. Pikipiki ikaendelea peke yake hatua chache, ikalala majanini ikiunguruma.

Sikuumia, kwa hisani ya pumba. Lakini nilikuwa mweupe kuanzia helmeti hadi kwenye viatu, na kabla sijajua mkono wangu uko wapi nikasikia mtu akinilamba sikio. Nikafumbua macho. Mbuzi. Nilikuwa nimeomba mmoja, na walikuja kundi zima na majike yenye mimba, wakanizunguka wanakula gunia la mama huku mimi nikiwa ndani yake. Kijana mchungaji akasimama pembeni ameegemea fimbo.

“Braza, usinyanyuke kwanza,” akasema. “Watashtuka.”

Nikalala. Trafiki naye akatokea, sijui alikuwa amejificha wapi. Akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akawaangalia mbuzi.

“Mzigo wako huu ulifungwa na nani?”

“Mimi, afande.”

“Na hao mbuzi?”

“Si wangu, afande.”

“Basi ni nini hasa kilichotokea hapa?”

Nikaanza kumweleza mambo ya pistoni, matundu na oili. Alisikiliza kwa uvumilivu mpaka nilipofika kwa Tilkens, akafunga kitabu chake na kuniambia niondoe pikipiki majanini.

Jioni tukaifungua mezani kwa fundi, kijiwe kizima kimeinama. Oili ilitoka ina povu kama chai ya maziwa iliyokorogwa. Ilikuwa imechanganyika na hewa, na joto limeifanya nyepesi, inapita matunduni bila hodi. Chini ya povu tukalikuta lile washa la kopo limekunjwa kama ukosi wa shati, limeacha matundu wazi. Na springi? Fundi akaipima kwa rula. Haikuwa imepungua hata milimita moja. Nikaiinua juu kila mtu aione.

“Ndiyo hiyo iliyokutupa,” mjomba akasema.

Usiku ule tukakata washa jipya kwenye majani ya fila geji kuukuu, kile kipimo cha mafundi cha nafasi nyembamba, chuma kinachojua kujipinda na kurudi, kazi iliyotumalizia mawe ya kunolea. Tukatia oili nyekundu ya gia otomatiki, ambayo joto haliibadilishi sana, na kwa kuwa ni nyepesi tukaziba matundu mawili ya pistoni kwa skrubu. Tukaijaza mpaka hewa ikabaki kidogo sana.

Jumapili niliruka vifusi vyote, nikatua vyote. Nilimaliza wa tano. Mbuzi alikwenda na kijana wa Mazimbu. Mama hakuuliza matokeo, aliuliza pumba.

Kesho yake nikampelekea fundi hela yake iliyobaki. Alipokea, akahesabu, kisha akaizunguka pikipiki hadi mbele. Akashika usukani, akabana breki, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Oili ikachuruzika kwenye shokapu za mbele zote mbili.

“Nyuma tumemaliza,” akasema, akinusa kidole. “Hizi tunazitengeneza.”

Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia mama ntilie akihamisha sufuria zake.